Siku Mahumbi Waliporudi na Vyakula Vyao

Upepo wa bondeni ulikuwa unapeperusha maboksi meupe ya chakula, yale mepesi kama maganda ya mayai, na vijana wa mapambo walikuwa wanayakimbiza huku na huku chini ya turubai, wakicheka. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kamba iliyofungwa mlangoni. Kichwani nilikuwa na beseni, ndani ya beseni ugali wangu umefungwa kwa kitambaa safi, na maharage kwenye hotipoti, ya moto bado. Nilikuwa nasikia joto lake likipenya kwenye ngata mpaka utosini. Nyuma yangu walikuwa wanawake wa Mahumbi, mstari mrefu unaoteremka hadi kijitoni, kila mmoja na mzigo wake kichwani.

Binti mmoja aliyevaa aproni na glavu akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Chakula cha nje hakiingii."

"Cha nje ya wapi?" nikamwuliza.

Alikuwa amekuja na wapishi wa kukodi kutoka Mbinga mjini, na sisi wote kwake tulikuwa watu wa hapo tu. Akageuka kutazama meza kuu. Nami nikatazama. Mwanangu Crispin alikuwa amekaa katikati ya wageni wa wilayani, amevaa koti la marehemu baba yake, na alikuwa ananitazama. Kisha akainamisha macho, akaanza kufungua chupa ya maji.

Naanzia hapo kwa sababu mambo mengine yote, ya kabla na ya baada, kwangu mimi yanapitia kwenye ile kamba. Wewe mwenye mtoto ambaye watu wameanza kumwita kwenye vikao, mtoto mwenye ulimi mzuri na moyo wa haraka, soma taratibu. Sikuandikii umzuie. Nakuandikia ili umwulize lile swali ambalo mimi sikupata nafasi ya kuliuliza.

Lihanje na Mahumbi ni migongo miwili ya mlima inayotazamana. Katikati kuna kijito cha Lwegu, ambacho wakati wa kiangazi mtoto anakiruka, na masika kinanguruma kama lori. Ukisimama Lihanje asubuhi unaona moshi wa Mahumbi unapanda, na kama umekaa miaka mingi unajua ni moshi wa jiko la nani. Mimi nilizaliwa kule, nikaolewa huku. Kwa hiyo maisha yangu yote nimekuwa natazama upande wa pili.

Sisi Wamatengo tuna kitu kinaitwa sengu. Watoto wa siku hizi wanadhani ni kibanda. Kibanda chaweza kuwepo au kisiwepo. Sengu ni kula. Watu wa mgongo mmoja wa mlima wanakutana uwanjani kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chakula chake, vyombo vinapangwa kwenye mkeka, vinafunuliwa kimoja kimoja, na kila mtu anapeleka mkono kwenye kila chombo. Wanaume huku, wanawake na watoto kule karibu na jiko. Ukishakula ndipo unasema neno lako. Mwenye ugomvi na mwenzake anajulikana bila kufungua kinywa, maana mkono wake unaruka chombo cha yule mtu. Na kuruka chombo cha mtu ni kusema mbele ya wote: wewe sikuamini, huenda humu umetia kitu. Hakuna tusi linaloshinda hilo. Siku hizi sengu ya kila siku imekufa, kila mtu anakula kwake na redio yake. Imebaki kwenye misiba, kwenye kazi za kusaidiana, na kwenye mambo mazito.

Kati ya Lihanje na Mahumbi hapakuwa na sengu. Kiangazi kimoja kibaya, mimi ningali binti mdogo, watu walipigania mfereji wa maji ya kumenyea kahawa, na jembe la mtu wa Lihanje likampata mtu wa Mahumbi jichoni. Kesi ilisikilizwa, ikaisha. Tukaendelea kukutana parokiani, tukauziana nguruwe, tukaoana. Lakini kula pamoja, hapana. Siku ya ndoa yangu watu wa kwetu walikula kwao na watu wa mume wangu, Augustino, walikula kwao, na mimi katikati nikashuka bondeni na kupanda na gauni langu bila kuonja cha upande wowote. Hakuna aliyekusudia. Kila mmoja alidhani nimekula kule kwingine.

Basi, habari ya mji ililetwa na Ambokile, mtendaji wetu, kijana wa Tukuyu, Mmoraviani aliyekuwa akija kwenye misa yetu kwa sababu kanisa lake liko mbali. Alisimama kwenye mkutano akasema vijiji vyetu, kimoja kimoja, ni vidogo mno. Vikiunganishwa vitakuwa mji mdogo wenye mamlaka yake. Patakuwa na soko la kudumu, kituo cha afya chenye wodi, maji ya bomba. Vijiji viwili vitakufa, vitabaki vitongoji tu ndani ya mji.

"Vitakufa?" bibi mmoja akadakia. "Na vitazikwa upande gani?"

Watu wakacheka. Mkwe wangu Loveth, mke wa Crispin, akaongeza, "Tukishakuwa mji, mtendaji, kuku wetu nao watavaa viatu?"

"Watavaa raba, mama," Ambokile akajibu, "maana mji wenyewe una matope." Walimpenda kwa majibu kama hayo.

Crispin hakucheka. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Lihanje, kijana kuliko wenyeviti wote waliopata kukaa kwenye kile kiti, na niliona macho yake yalivyokaa. Alikuwa na macho yale yale siku alipoona baiskeli kwa mara ya kwanza. Kuanzia siku ile chakula chake cha jioni kilipoa kila siku. Alikuwa anavuka Lwegu kwenda kuzungumza na mwenyekiti wa Mahumbi, mzee Bernadi, ambaye ni mdogo wake marehemu baba yangu. Kwa hiyo mimi ni mtoto kwake na Crispin ni mjukuu. Alikuwa akirudi na matope hadi magotini, anazungumza peke yake njiani.

Siku moja mzee Bernadi alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye gogo nje ya jiko langu, akakataa kiti.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu mtoto wako ana maneno matamu, na nadhani anasema kweli. Maji ya bomba tunayataka. Lakini watu wangu hawawezi kuwa kijiji kimoja na watu ambao hawajawahi kula nao. Mwambie siku hiyo ya kuungana, nyumba za kwenu zipike, na za kwetu zipike, tukutane pale Lwegu, tufunue vyombo. Tukishakula, hata tukiitwa jina la upande wenu, tutaitika."

"Baba mdogo, ningefurahi ukamwambia mwenyewe."

"Nimeshamwambia. Amekubali. Nakwambia na wewe kwa sababu wewe ni mama yake."

Crispin alikubali kweli. Alisimama kwenye mkutano wa kule akaahidi mbele ya watu, na Mahumbi wakanyoosha mikono, na huku kwetu wakanyoosha. Nililala vizuri kipindi kile. Nilijiona kama mtu ambaye nyumba yake imetobolewa dirisha upande wa kwao.

Kisha, sherehe ikiwa imekaribia kabisa, kule ziwani, upande wa Mbamba Bay, kukazuka ugonjwa wa kuhara. Bwana afya akaipa kamati agizo, sisi wengine hatukulisikia: mikusanyiko ikifanyika, chakula kisitoke majumbani, kipikwe mahali pamoja na watu waliopimwa. Agizo la haki, mimi silipingi. Nimezika mtoto aliyekufa kwa kuhara, najua. Crispin na kamati yake wakakodi wapishi. Ambokile alikuja kuniambia baadaye, amesimama mlangoni, kofia mkononi: "Mama, nilimwambia avuke akawaeleze wazee. Akasema wakiambiwa watagoma kuja, na wageni wa wilaya wako njiani. Akasema wakifika, wakiona turubai na muziki, wataelewa."

Asubuhi ya sherehe Crispin alikunywa chai jikoni kwangu. Nilikuwa nimewasha moto mapema. Nilikuwa nimechagua maharage yale ya kuonea fahari, nimetia na mbogamboga alizokuwa anazipenda baba yangu, ili wa kwetu Mahumbi wakifunua wajue bila kuambiwa kuwa chombo hiki ni cha nani. Nilikuwa nasonga ugali na jasho linanitoka, naimba. Yeye alikaa pale na kikombe chake, ananitazama.

"Mama, unajichosha," akasema.

"Leo sichoki."

Akaendelea kunitazama. Akamaliza chai, akasimama, akanigusa begani kama mtu anayeaga safari ndefu, akatoka. Hakuniambia. Mpaka leo nikisonga ugali nasikia ule mkono begani.

Sasa turudi kwenye kamba.

Nyuma yangu tu alikuwa Beata, niliyechunga naye mbuzi utotoni. Alikuwa amebeba kapu zima la viazi na kuku. Alikuwa amenitania tangu tulipokutana kijitoni: "Kunigunda, leo nakula chakula cha kwako bila kujificha, nione kama Lihanje wamekufundisha kutia chumvi." Binti wa aproni aliposema lile neno lake, Beata akasogea mbele akidhani ni utani wa vijana.

"Mjukuu wangu, shusha kamba, kuku anapoa."

"Bibi, haturuhusiwi. Ni kwa usalama wenu."

Nikaona uso wa Beata ukibadilika. Ulibadilika taratibu, kama maji yanayotuama. Akageuka kwa wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida tu, wala hakupiga kelele: "Wanasema tumeleta sumu."

Neno likateremka mstari mzima. Nililisikia likishuka kutoka mdomo hadi mdomo kuelekea Lwegu, na kila lilipofika kichwa kiliacha kutikisika na muziki. Mimi nikasema, "Jamani, hata mimi, tazameni, na mimi wamenizuia," lakini nani wa kunisikiliza? Mimi ni mama wa mwenyekiti.

Mzee Bernadi alikuwa meza kuu na wageni. Alikuwa ameshawekewa boksi lake la pilau. Akainuka nalo mkononi, bila kulifungua, akashuka hadi pale kwenye kamba, akawaona wanawake wa kwake wamesimama juani na vyakula vyao. Crispin akamkimbilia.

"Babu, shikamoo, babu. Ni mambo ya afya tu haya. Ni kuhara kule ziwani. Si mimi."

"Marahaba. Najua kuna kuhara."

"Basi kaa, babu, tumalize. Wageni wanatazama."

"Ungekuja jana ukaniambia," mzee akasema, "ningewazuia hawa wasiwashe moto. Tungekuja mikono mitupu, tukala hiki chako, tukasema ndiyo sengu ya mwaka huu. Afya siikatai. Lakini umejua, na umewaacha wapike."

Crispin akafungua kinywa. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Nilikuwa naomba moyoni aseme neno moja tu, nimekosa, babu, lipite lile jambo pale pale lingali changa. Lakini spika ikaita jina lake. Mgeni rasmi alikuwa amesimama. Mwanangu akamtazama babu yake, akatazama jukwaa, akasema, "Tutaongea, babu," akapanda.

Mzee Bernadi akaliweka lile boksi chini, kwa adabu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akatangulia mbele ya wanawake wake. Wakageuka. Mabeseni na makapu yakateremka bondeni yakapanda upande wa pili, na mimi nilisimama na la kwangu kichwani mpaka mgongo wa mwisho ulipopotea kwenye migomba. Kwenye spika wakawa wanatangaza kwamba sisi ni wamoja.

Mji ukazaliwa hivyo. Karatasi zilikuwa halali, mikono ilikuwa imeshanyooshwa. Tulipata kibao barabarani chenye majina yetu mawili, na ofisi iliyopakwa rangi ya bluu. Maji ya bomba yalikuja kweli. Nayanywa kila siku, ni matamu.

Mwenyekiti wa mji mdogo anachaguliwa na wenyeviti wa vitongoji. Crispin alikuwa mmoja wao, na alijua kiti ni chake. Nani mwingine aliyekuwa ametembea matope yale? Siku ya kuchagua, Mahumbi hawakumtaja. Hilo alilitarajia. Hakulitarajia la Lihanje. Watu wa kwetu nao walikuwa wamepika siku ile, nao walirudi majumbani na vyakula vilivyopoa, na aibu ya kuwa ndio wenyeji waliofukuza wageni. Wenyeviti wao wakamchagua mwenzao Nicholaus, jirani yetu, mtu asiyejua hata kuhutubia. Crispin alirudi nyumbani, akavua koti la baba yake, akalitundika, akasema, "Nicholaus atasoma nini pale mbele?" Loveth akacheka kidogo, akidhani ni mzaha.

Msinielewe vibaya, hakuna aliyemtukana. Walimsalimia barabarani, "Habari za leo, mwenyekiti," wakamwuliza watoto hawajambo. Ningefurahi wangemtukana. Tusi lina mlango, unaweza kulijibu. Hili halikuwa na mlango.

Kisha alifariki bibi yule aliyeuliza vijiji vitazikwa upande gani. Kwa kuwa sasa sisi ni mji mmoja, Mahumbi walivuka kuja kuzika, na kwa mara ya kwanza tangu ule mfereji watu wa pande mbili walikaa kwenye mikeka uwanja mmoja. Ugonjwa ulikuwa umekwisha, kila nyumba ilileta. Nilisema moyoni, kumbe kifo kimefanya lile ambalo mwanangu alitaka. Loveth alileta hotipoti yake yenye maua mekundu, ya zawadi ya harusi, akaipanga katikati. Crispin alikuwa ameketi na wanaume.

Wakanawa. Wakaanza kufunua, kimoja baada ya kingine, cha Lihanje, cha Mahumbi, cha Lihanje. Chombo changu kilifunuliwa, wakala. Wakafika kwenye maua mekundu. Mkono wa kwanza ukakipita. Wa pili ukakipita. Hapakuwa na ukali wowote, ulipita tu, kama mguu unavyolikwepa jiwe ambalo liko pale siku zote. Crispin mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono kuelekea chombo cha Mahumbi. Nilimwona anaurudisha, anauweka juu ya goti, anautazama.

Loveth alibeba ile hotipoti kurudi nyumbani ikiwa imejaa. Hakulia. Alimwaga chakula kwa nguruwe, akaiosha, akaipindua juu ya kichanja.

Msimu wa kahawa ulipofika nikapika pombe, nikaita watu wa kusaidiana kuchuma kama tulivyozoea, na zamu zetu kwa wengine tulikuwa tumezitimiza zote. Alikuja Beata tu, na mkwe wake. Walichuma mpaka jua lilipokuwa utosini.

"Nimekuja kwa ajili yako," Beata akaniambia, mikono yake haitulii kwenye matawi. "Usinishukuru mbele ya watu."

Kahawa nyingine ilikaukia mitini, ikawa nyeusi. Shamba la mahindi pembeni, ngoro zake, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, zilianza kubomoka kingo, maana zile zinataka mikono mingi, wengine wakate majani na wengine wafukie. Crispin alikuwa anakwenda asubuhi na jembe moja, kwenye mteremko mkubwa ule, na nikitazama kutoka nyumbani alikuwa kama kunguru aliyebaki shambani baada ya wenzake kuruka.

Hakuaga kwa maneno mengi. Alisema anakwenda Mbamba Bay kujaribu biashara ya dagaa. Baadaye akamwita Loveth na watoto. Nilibaki na ufunguo wa nyumba yao. Kila wiki naufungua mlango, nafagia, naufunga.

Mzee Bernadi aliniita mvua za kwanza zilipokaribia. Alikuwa amedhoofika, anaongea kwa vipande.

"Mwambie aje. Abebe chakula mwenyewe, yeye, mkewe amfuate nyuma. Avuke. Akikaa, tutafunua. Hatuna neno jingine juu yake."

"Ni hilo tu, baba mdogo?"

"Lilikuwa hilo tu tangu mwanzo."

Nilipanda basi, nikateremka kule kwenye joto. Sikuwa nimeliona ziwa tangu Augustino alipokuwa hai. Lilikuwa jeupe mchana ule, halina mwisho, na ufukweni vichanja vya dagaa vimepangwa kama vitanda vya hospitali. Mwanangu alikuwa anageuza dagaa kwa ubao. Alikuwa amekuwa mweusi, amekonda mashavu. Aliponiona alikimbia kama mtoto, akanishika mkono kwa mikono miwili yenye magamba.

Akanipeleka kwa mama ntilie. Akaniagizia samaki mzima. Nilimweleza ujumbe wa babu yake neno kwa neno. Alisikiliza huku anatoa miiba.

"Nikaombe radhi kwa kosa gani, mama? Niliwaletea mji. Wanakunywa maji yangu, wanatibiwa kwenye kituo nilichokipigania. Kisha wananinunia kwa ajili ya ubwabwa."

"Si ubwabwa, Crispin. Unajua si ubwabwa."

"Nilikuwa nazuia watu wasife."

"Kwa nini hukuniambia mimi, basi? Ulikaa jikoni kwangu ukanitazama nikisonga."

Aliacha miiba. Alitazama nje kwa muda mrefu, wavuvi wanapita na nyavu, wanataniana kwa Kinyasa.

"Ulikuwa unaimba," akasema.

Kisha akafuta vidole, akajaribu kutabasamu. "Hapa pazuri, mama. Hapa kila mtu na sahani yake. Hakuna anayetazama mkono wa mwenzake."

"Ndicho ninachokiogopa, baba. Kwamba hakuna anayekutazama."

Akasema atakuja Krismasi. Krismasi alituma dagaa kwa basi.

Mwezi huu, mvua za mwaka mwingine zikikaribia, wazee wa pande mbili walipanga kukaa sengu uwanjani kwa mzee Bernadi, kwa sababu yeye sasa hatembei. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa bila msiba. Nilimpigia Crispin, nikampigia tena. Alisema kuna mzigo, kuna upepo ziwani, kuna mtoto anaumwa tumbo. Basi nilipika. Nilibeba beseni langu nikashuka Lwegu, maji yakanifika vifundoni, nikapanda njia niliyoipita nikiwa bibi harusi. Sikuimba, lakini nilipika vizuri. Nilijidanganya kwamba labda kikifika kutoka kwenye nyumba yetu watakihesabu ni cha wote.

Mzee Bernadi aliketishwa na mito. Alifunua chombo changu mwenyewe, akala, akatafuna sana, akanigeukia.

"Hiki ni chako, binti yetu. Umekuja. Chake tunakingoja."

Wanawake walinisogezea nafasi kati yao, Beata akanimegea kuku. Nilikula. Nilikula cha Mahumbi na cha Lihanje, na kila tonge lilishuka kama la mtu anayekula amesimama. Hapo nilielewa jambo ambalo nawaambia wenzangu: mwanao akiweka mguu mbaya, wewe unaweza kusamehewa mpaka ukashiba, na yeye asipate hata punje. Msamaha haugawanyiki. Swali lenyewe ni hili, mwulize: umeshavuka ukawaambia? Mfundishe angali mtoto kuvuka kijito siku akiwa na habari mbaya mdomoni, siku hiyo hiyo, kabla wanawake hawajawasha moto.

Asubuhi iliyofuata simu ililia. Crispin. Hakunisalimia.

"Walikaa?"

"Walikaa."

"Nani alifunua?"

"Babu yako."

"Alianza na cha nani?"

"Alianza na changu."

Nyuma yake maji yalikuwa yanapiga mchanga, na mtoto wake mmoja anaita kuku.

"Na kushoto kwake," akasema, "pale ambapo huwa wanakaa wajukuu. Alikaa nani?"

"Hakukaa mtu," nikamwambia. "Waliacha wazi."

Nilimsikia anamwambia mtoto aingie ndani. Kisha akasema kule ziwani mvua imeanza, kubwa, dagaa wote wamelowa.

"Huku bado," nikamwambia.